Kutafuta Machapisho kwenye Kanzidata kwa Ajili ya Mapitio: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Arusha na Moshi

Mwanafunzi akiambiwa na msimamizi wake kwamba sura ya pili ya tasnifu ni nyembamba, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza maandishi, ilhali tatizo mara nyingi limeanza nyuma zaidi, kwenye namna alivyotafuta. Aliandika kichwa chote cha utafiti wake kwenye Google Scholar, akasoma ukurasa wa kwanza wa matokeo, akapakua makala zilizofunguka bila malipo, kisha akaanza kuandika. Hivyo ndivyo yanavyopatikana mapitio yanayojua sana yaliyofanyika India na China na yasiyojua kabisa tasnifu iliyoandikwa Tengeru kuhusu kijiji cha jirani. Utafutaji ni sehemu ya mbinu za utafiti kama ilivyo uchukuaji wa sampuli, na unastahili kupangwa, kujaribiwa na kuandikwa kwa uangalifu uleule.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: uondoaji wa floridi kwenye maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa, katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huku yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu yanatokana na hali hiyo, na huko Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kilichoanzishwa kwa ajili ya kuiondoa floridi hiyo. Mada hii inagusa kemia, tiba ya meno, uhandisi wa maji na maisha ya kaya kwa wakati mmoja, kwa hiyo inaonyesha vizuri kwa nini kanzidata moja, yaani hifadhi moja ya mtandaoni ya taarifa za machapisho, haitoshi.

Ligawe swali kabla ya kufungua kanzidata

Chukua karatasi uandike swali lako kwa sentensi moja, kisha pigia mstari dhana ambazo makala ikizikosa zote haikuhusu. Katika mfano wetu dhana hizo ni tatu: floridi, mkaa wa mifupa na mahali. Maneno kama tathmini, athari, changamoto, ufanisi na uchunguzi kifani, ambayo hujaza vichwa vya tasnifu zetu, yaache nje. Hayasaidii kutafuta, kwa sababu mwandishi mwingine anaweza kuwa amechunguza jambo lilelile bila kuyatumia hata mara moja, na ukiyaweka kwenye utafutaji utamfungia mlango mtu uliyemhitaji.

Chini ya kila dhana orodhesha majina yote ambayo watu wa fani hiyo hulipa jambo hilo. Kwa kuwa kanzidata kubwa huhifadhi ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwa Kiingereza, orodha itakuwa ya Kiingereza, isipokuwa kama mada yako ni ya lugha au fasihi ya Kiswahili, ambapo utalazimika kutafuta kwa lugha zote mbili. Chanzo bora cha visawe ni makala zenyewe: soma ikisiri za makala chache nzuri unazozijua, ukitazama maneno muhimu yaliyoorodheshwa chini yake. Utagundua kwamba mkaa wa mifupa huitwa bone char, bone charcoal, bone black, na wakati mwingine hutajwa kwa maelezo tu kama charred bones. Mtafiti aliyejua jina la kwanza peke yake atapoteza makala zote zilizotumia mengine.

Tahajia nayo ina hila zake. Anayesoma ushirika pale Moshi anajua kwamba jina la Kiingereza la chuo chake lina kistari katikati, Co-operative, ilhali machapisho mengi huandika cooperative bila kistari. Kanzidata nyingine huyaona hayo kuwa maneno mawili tofauti, kwa hiyo weka yote mawili. Anayesoma magonjwa ya kahawa aongeze jina la kisayansi la kimelea, Colletotrichum kahawae, pamoja na jina la kawaida la ugonjwa, coffee berry disease, kwa kuwa wapo wanaoandika moja na kuacha jingine.

Alama ya kinyota (*), inayosimama badala ya mwisho wowote wa neno, inahitaji kufikiriwa zaidi ya inavyozoeleka. Ukiandika defluorid* kanzidata itakuletea defluoridation, defluoridate na defluoridated kwa mpigo, na hilo ni jema. Lakini ukiandika fluorid* utaletewa pia fluoridation, yaani kuongeza floridi kwenye maji, jambo linalofanywa katika nchi ambazo maji yake yana upungufu wake, na hapo utazama kwenye mamia ya makala zinazohusu kinyume cha tatizo lako. Ukiandika fluoros* ukitarajia fluorosis, utaletewa na fluoroscopy, ambayo ni picha za eksirei za hospitalini. Kinyota kiwekwe pale tu ambapo umeshahesabu kichwani maneno yote yanayoanza na herufi hizo. Hapa ni salama zaidi kuandika fluoride, fluorides na fluorosis kwa ukamilifu.

Majina ya mahali ndiyo yanayopotea zaidi

Ningependa msomaji akae hapa kidogo, maana ndipo utafiti wa kwetu unapopotelea. Wilaya ya Arumeru sasa ina halmashauri mbili, ya Meru na ya Arusha, na waandishi hutumia jina lolote kati ya hayo matatu. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, kwa hiyo makala ya miaka ya 1990 inayosema imefanyika mkoani Arusha inaweza kuwa inazungumzia Babati au Hanang, na anayetafuta habari za Babati bila kuandika Arusha hataipata. Machapisho ya kabla ya 1964 yanasema Tanganyika. Meru ni jina la kaunti nchini Kenya pia, hivyo tarajia kuletewa makala za huko, na uzitoe kwa macho wakati wa kuchuja badala ya kujaribu kuzizuia kwa amri.

Wapo pia waandishi ambao hawataji mahali mahususi kwenye ikisiri, wakaishia kusema kaskazini mwa Tanzania, Bonde la Ufa, au Afrika Mashariki tu. Kundi lako la maneno ya mahali linapaswa kuwa na ngazi zote hizo, kuanzia kata au mto unaojulikana hadi ukanda mzima.

Chagua mahali pa kutafuta

Kwa mada ya afya anza na PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ilianza 1996 na ni bure kwa kila mtu. Kwa kilimo ongeza AGRIS, kanzidata ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Scopus na Web of Science zina upana mkubwa wa fani lakini ni za kulipia, na si kila chuo kinazo, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chako kilicholipiwa ni nini mwaka huu. Anayesoma historia ya ushirika wa kahawa, tuseme tangu kuundwa kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933, atapata majarida ya zamani kwenye JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma.

African Journals Online, maarufu kama AJOL, ilianzishwa mwaka 1998 na inakusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika, yakiwemo ya Tanzania, ambayo mengi hayamo kwenye Scopus. Kuiacha AJOL ukiwa unaandika kuhusu Arusha ni kosa ambalo mtahini anayeijua fani ataliona mara moja. Vilevile zipo hazina za mtandaoni za vyuo vyetu, zinazohifadhi tasnifu: ya Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ya Muhimbili, ya Sokoine na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tasnifu nyingi humo hazijawahi kuwa makala, na nambari zake za kisima kwa kisima huwezi kuzipata kwingine.

Kuhusu gharama, taasisi za Tanzania zinastahili kuingia bila malipo kwenye mpango wa Research4Life, unaounganisha Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa teknolojia na GOALI kwa sheria. Jina la kuingilia na nywila hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu binafsi, kwa hiyo vinapatikana maktabani. Nenda ukavichukue kabla ya kuamua kwamba makala fulani haipatikani.

Endesha utafutaji mstari kwa mstari

Wengi huandika fomula moja ndefu yenye mabano ndani ya mabano, kisha kosa likitokea hawajui liko wapi. Kwenye PubMed fungua ukurasa wa Advanced, na uendeshe kila kundi la maneno peke yake. Kila utafutaji utapewa nambari yake kwenye historia, pamoja na idadi ya matokeo:

#1 fluoride OR fluorides OR fluorosis OR defluorid*
#2 "bone char" OR "bone charcoal" OR "bone black" OR "charred bones"
#3 Tanzania OR Tanganyika OR Arusha OR Arumeru OR Meru OR "East Africa"

OR inaunganisha visawe ndani ya kundi, na kila neno unaloongeza hupanua matokeo. AND inaunganisha makundi, na kila kundi unaloongeza hupunguza. Ziandike kwa herufi kubwa, na kamwe usizichanganye kwenye mstari mmoja bila mabano, kwa sababu PubMed husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia na inaweza kuunganisha yasiyostahili kuunganishwa. Alama za mtajo hushikilia maneno pamoja kama msemo mmoja. Bila hizo bone na char zinaweza kutafutwa zikiwa mbalimbali kwenye ikisiri.

Sasa unganisha nambari. Wanafunzi wengi huandika #1 AND #2 AND #3 na kuishia hapo, wakapata makala chache, wakaandika kwenye tasnifu kwamba utafiti kuhusu mada hii ni haba. Huo si ushahidi wa uhaba. Endesha #1 AND #2 ili kupata kila kilichoandikwa duniani kuhusu mkaa wa mifupa na floridi, kisha endesha #1 AND #3 ili kupata kila kilichoandikwa kuhusu floridi kwenye eneo letu kwa mbinu yoyote. Mapitio yako yatasimama juu ya makundi hayo mawili, na yale matokeo machache ya makundi matatu ni kiini chake tu.

Baada ya kila utafutaji tazama sehemu ya maelezo ya utafutaji kwenye historia, inayoonyesha PubMed imeyatafsiri vipi maneno yako. Neno lisilo na alama yoyote PubMed huliunganisha yenyewe na istilahi rasmi za MeSH, ambazo ni faharasa inayowekwa na wataalamu wa maktaba hiyo. Ukiweka kinyota au alama za mtajo unazima msaada huo. Kwa hiyo kwa dhana kuu ni vizuri kuongeza istilahi ya MeSH kwa makusudi, mfano Fluorosis, Dental, pamoja na maneno yako ya kawaida. Usitegemee MeSH peke yake, kwa kuwa makala mpya huweza kuonekana kabla haijawekewa istilahi hizo.

Amri ya NOT, inayoondoa kila makala yenye neno fulani, ningeshauri iachwe kabisa na anayeanza. Mtu anaweza kuona dawa ya meno inamjazia matokeo, akaandika NOT toothpaste, na kwa amri hiyo akatupa utafiti uliopima floridi ambayo mtoto hupata kutoka kwenye maji na kutoka kwenye dawa ya meno kwa pamoja, ambao ndio aliouhitaji.

Ipime fomula yako

Kabla ya kuamini matokeo, mwombe msimamizi wako akutajie makala tano au sita ambazo anaona mapitio haya hayawezi kukosa. Zitafute moja moja kwa vichwa vyake kwenye kanzidata unayotumia ili kuhakikisha zimo, halafu angalia kama fomula yako imezileta. Iliyomo lakini haikuletwa ndiyo mwalimu wako: fungua ikisiri yake, tazama imetumia neno gani ambalo huna, liongeze kwenye kundi linalohusika na uendeshe upya. Hatua hii hurukwa kuliko nyingine zote, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayokuonyesha usichokiona.

Vichujio vya miaka na lugha vitumike kwa sababu unayoweza kuieleza. Kikomo cha miaka kumi kinachowekwa kwa mazoea kingetupa kazi za awali kuhusu floridi ya Meru, ambazo vipimo vyake ndivyo vinavyotuwezesha kulinganisha hali ya sasa na ya zamani.

Unapohamia kwingine

Fomula haihamishwi kama ilivyo. Scopus hutaka uitangulize na TITLE-ABS-KEY ili itafute kwenye kichwa, ikisiri na maneno muhimu. Web of Science hutumia TS kwa kazi inayofanana na hiyo, na haina MeSH. AJOL na hazina za vyuo hufanya kazi vizuri zaidi kwa neno moja au mawili, kwa hiyo andika fluoride peke yake, kisha Arumeru peke yake, na upitie orodha kwa macho. Kwenye hazina ya chuo pitia pia orodha ya tasnifu kwa idara, kwani kuna ambazo maneno yake muhimu yalijazwa kwa haraka.

Google Scholar ina nafasi yake, lakini si nafasi ya kwanza. Haitumii kinyota kurefusha neno, haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema yapo mengi, na namna inavyoyapanga haiko wazi kiasi cha mtu mwingine kuweza kurudia utafutaji wako na kupata orodha ileile. Nguvu yake ni kwenye kutafuta ndani ya matini kamili ya makala na kwenye kufuatilia nukuu. Fungua makala bora uliyonayo, bofya Cited by, na utaona waliokuja baadaye wakaitumia. Ukishafanya hivyo, geukia marejeleo ya makala hiyohiyo uone waliotangulia. Fanya hivi kwa kila makala ya kiini. Ripoti za mamlaka za maji na za kituo cha Ngurdoto mara nyingi hugunduliwa kwa njia hii, kwa kuwa haziko kwenye kanzidata yoyote ila zimetajwa kwenye marejeleo ya mtu.

Andika kila kitu siku hiyohiyo

Tengeneza jedwali lenye tarehe, jina la kanzidata, fomula kamili uliyoinakili jinsi ilivyo, vichujio, idadi ya matokeo na idadi uliyohamisha. Jaza mstari kila unapotafuta, usisubiri jioni. Historia ya PubMed hufutika ikikaa kwa muda wa saa nane bila kutumika, na idadi ya matokeo hubadilika kila makala mpya zinapoingia, kwa hiyo usichokiandika hutaweza kukirejesha. Mwongozo wa PRISMA wa 2020, unaoeleza namna ya kuripoti mapitio ya kimfumo, unataka taarifa hizi, pamoja na mchoro unaoonyesha makala ngapi zilipatikana, ngapi zilirudiwa, ngapi zilitolewa na kwa sababu gani. Hata kama mapitio yako si ya kimfumo, mtahini akiuliza ulitafutaje, jedwali hilo ndilo jibu.

Hamisha matokeo kwa faili la RIS au la NBIB, ambayo ni miundo ya faili za taarifa za marejeleo, kwenda kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo. Faili hilo ni dogo sana hata likiwa na mamia ya ikisiri, na kwa anayetumia kifurushi cha data hili ni jambo la maana: hamisha taarifa kwanza, soma ikisiri bila mtandao, na matini kamili uyapakue kwa zile tu zilizopita mchujo, ikiwezekana ukiwa maktabani. Zotero itakuonyesha zilizojirudia. Zihakiki kabla ya kuziunganisha, kwa maana wasilisho la mkutano na makala iliyotokana nalo yanaweza kuwa na kichwa kimoja na data tofauti.

Chuja kwa awamu mbili: kwanza kichwa na ikisiri, kisha matini kamili. Andika vigezo vya kuingiza na kutoa kabla hujaanza, na umwombe mwenzako achuje sehemu ya orodha hiyohiyo peke yake. Mkitofautiana sana, vigezo vyenu haviko wazi na vinahitaji kuandikwa upya.

Makala isiyofunguka usiitupe. Jaribu Research4Life, kisha PubMed Central, kisha kiongezo cha Unpaywall, ambacho hutafuta nakala halali ya bure kwa kutumia namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi na ya heshima, ukitaja chuo chako na sababu ya kuihitaji. Wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa Arusha. Kagua pia kama makala imeondolewa na jarida baada ya kuchapishwa. Zotero hutoa onyo kwa zilizomo kwenye orodha ya Retraction Watch. Jarida usilolifahamu litazame bodi yake ya uhariri, uwazi wake kuhusu ada, na kama limeorodheshwa kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, endapo husomwa bure.

Utajua umefika mwisho pale ambapo kanzidata mpya na ufuatiliaji wa nukuu vinakuletea makala ambazo tayari unazo. Kisha, kwa kuwa kati ya sura ya pili na siku ya kuwasilisha tasnifu hupita muda mrefu, jiwekee arifa za barua pepe kwenye PubMed na Google Scholar kwa fomula zako, na uendeshe upya kila mstari wa jedwali wiki chache kabla ya kuwasilisha. Kwenye sura ya mbinu taja kanzidata zote na tarehe ya utafutaji wa mwisho, na fomula zenyewe uziweke kwenye kiambatisho, herufi kwa herufi, zikiwa na vinyota na alama zake zote.